Oili namba 40 na mlima wa Tukuyu

Ndugu msikilizaji, mwezi Juni katika Wilaya ya Kyela ni mwezi wa mpunga. Ukitoka Kyela mjini kwenda Ipinda, na kutoka Ipinda kwenda Matema, utaona maturubai yametandikwa kando ya barabara, akina mama wanageuza mpunga juani, na mbele ya kila mashine ya kukoboa yamejipanga yale magari madogo ya mizigo ambayo sote tunayaita Kenta, hata kama mlangoni yameandikwa jina jingine.

Kenta mojawapo ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Juni iliyopita ilipakia magunia ya mchele ya watu wanne, ikatoka Kyela saa kumi alfajiri, ikapita Kikusya, ikaanza kupanda. Ilipovuka Ushirika, taa nyekundu ya oili iliwaka. Dereva alidhani ni hitilafu ya waya, akaendelea. Kabla ya kufika Tukuyu injini iligonga, ikagonga tena, kisha ikakwama kabisa.

Niliitwa siku ya tatu, fundi alipokwisha kuifungua. Alinionyesha pistoni. Ringi zilikuwa zimeganda ndani ya mifereji yake kama zimegundishwa kwa lami. Bearingi za krenki zilikuwa zimelika mpaka shaba ikatokeza. Fundi aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnatia oili gani?" Shemeji akajibu, "Namba 40, ile nzito, ile nzuri." Kisha akanitazama mimi.

Alinitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemshauri. Alipoinunua gari hiyo aliniuliza aendelee na oili ya bei kubwa aliyoikuta ikitumika, au achukue dumu la lita 20 la bei nafuu. Nilimjibu kwa sauti ile ya mtu wa redio ambaye watu humdhania kuwa anajua kila kitu. Nilisema: oili ni oili, shemeji, mradi isipungue kwenye kijiti. Nami, ndugu msikilizaji, nina stashahada ya uandishi wa habari. Ya ufundi wa magari sina.

Mazungumzo ya leo basi ni sehemu ya deni langu. Nimejaribu kutafuta jinsi sisi watu wa pande hizi za kaskazini mwa Ziwa Nyasa tulivyofika mahali pa kuamini kwamba oili ni oili, na kwamba iliyo nzito ndiyo bora. Nimegundua kuwa imani hiyo ina historia, na kwamba wakati wake ilikuwa na sababu.

Tuanze mbali kidogo. Kyela ni nchi ya michikichi, na mawese hatuhitaji kufundishwa. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mawese yaliwahi kuwa kilainishi cha mitambo. Katika karne ya 19, reli za Uingereza zilipaka ekseli za mabehewa grisi iliyotengenezwa kwa mawese kutoka Afrika Magharibi. Ndani ya silinda za injini za mvuke walitia mafuta ya wanyama yaliyoyeyushwa. Mafuta hayo yaliteleza vizuri, lakini yalipopata joto kali yaliharibika, yakala chuma na kuacha utandu unaonata.

Mwaka 1859 kisima cha petroli kilichimbwa Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Miaka 7 baadaye, yaani 1866, daktari mmoja wa Marekani, John Ellis, alianza kuuza mafuta ya madini kwa ajili ya silinda za mvuke. Hapo ndipo oili tunayoijua leo ilipoanza kuchukua nafasi ya mafuta ya mimea na ya wanyama. Hata hivyo mmea haukuondoka mara moja. Jina Castrol, lililoanza kutumika mwaka 1909, limetokana na jina la Kiingereza la mafuta ya mbarika, ambayo yalichanganywa katika oili hiyo.

Wakati mabadiliko hayo yakitokea huko, huku kwetu mtambo wa Wajerumani ulikuwa majini. Mwaka 1893 walizindua katika ziwa letu meli ya mvuke Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Kituo chao cha kwanza ufukoni kilikuwa Langenburg, kabla ya makao kuhamia Tukuyu, ambayo wakaiita Neu Langenburg. Waingereza nao walikuwa na meli yao, Guendolen. Agosti 1914 vita vilipotangazwa, nahodha Rhoades wa Guendolen aliwahi kupata habari na kwenda kuipiga meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa huko Liuli, iliyokuwa ikiitwa Sphinxhaven. Nahodha wa Kijerumani, ambaye walikuwa marafiki, hakujua hata kwamba kuna vita. Naitaja habari hiyo kwa sababu moja: meli hizo zilikula kuni. Zilikuwa za mvuke, na moto wa injini ya mvuke huwaka nje ya silinda. Masizi yake hutoka kwa dohani na hayakutani na kilainishi.

Injini ya dizeli ni kiumbe wa namna nyingine. Rudolf Diesel, Mjerumani, alifanikisha injini yake ya kwanza ya kufanya kazi huko Augsburg mwaka 1897. Yeye mwenyewe alitoweka usiku akiwa safarini kwa meli kwenda Uingereza mwaka 1913, akiwa bado hajaona gari la mizigo la dizeli likipita barabarani. Katika injini yake hakuna plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Nguvu yake ni kubwa na ulaji wake wa mafuta ni mdogo. Lakini kila mwako huacha masizi, na masizi hayo hayaishii kwenye bomba la moshi. Mengine hupenya kando ya ringi na kushuka mpaka kwenye sampu, ndani ya oili.

Katika ziwa letu, mabadiliko ya kutoka mvuke kwenda dizeli unaweza kuyasoma katika herufi mbili zinazotangulia jina la meli. SS ni meli ya mvuke, MV ni meli ya mota. Chauncy Maples, meli ya wamisionari iliyoanza kazi mwaka 1901, ilitembea kwa mvuke kwa zaidi ya nusu karne, kisha mwaka 1967 ikatiwa injini ya dizeli. MV Ilala ya upande wa Malawi ilianza safari miaka ya mwanzo ya 1950. Kwetu Itungi tulizijua MV Songea na MV Iringa. Naomba msikilizaji uzikumbuke herufi hizo mbili, maana tutarudi kwenye herufi.

Nchi kavu mambo yalikwenda taratibu zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza mizigo ya majeshi ilibebwa zaidi vichwani mwa watu kuliko kwa kitu kingine chochote. Magari ya mizigo yalizidi kuonekana wakati wa dhahabu ya Lupa, huko Chunya, katika miaka ya 1930. Wachimbaji walihitaji chakula, na mchele wa huku bondeni ulipanda mlima kwenda kuwalisha. Malori ya siku hizo mengi yalikuwa ya petroli. Oili yake ilikuwa mafuta ya madini matupu, bila dawa ndani yake, na ilijulikana kwa namba tu.

Namba hizo ziliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, mwaka 1911. Zinapima uzito wa oili, yaani kiasi cha ukinzani wake inapotiririka. Namba 20 ni nyepesi, namba 40 ni nzito zaidi. Wakati oili zote zilikuwa mafuta matupu, namba ndiyo iliyokuwa habari kubwa unayoweza kupewa. Fundi aliyesema "tia namba 40, nchi hii ina joto" alikuwa amesema kweli, na hapakuwa na mengi ya kuongeza.

Kilichovunja utaratibu huo ni trekta. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Caterpillar ya Marekani ilianza kuuza matrekta ya dizeli. Muda haukupita, wakulima wakalalamika kwamba nguvu inapotea na ringi zinaganda. Injini zilipofunguliwa, mifereji ya pistoni ilikutwa imejaa kitu cheusi, kigumu, kama lami. Namba ya oili haikuwa na kosa. Mafuta yale matupu hayakuweza kuyashika masizi ya dizeli, na masizi yalipotua kwenye pistoni yenye moto yaliungua na kuganda papo hapo.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini. Ile pistoni niliyoonyeshwa Tukuyu ilikuwa na ugonjwa uliojulikana, na dawa yake ilikwisha kupatikana karibu miaka 90 iliyopita.

Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya miaka ya 1930 wataalamu wa mafuta wa Marekani walianza kuchanganya katika oili kemikali zinazofanya kazi kama sabuni. Kemikali hizo huyazingira masizi, huyaacha yakielea ndani ya oili bila kushikana, na huzuia yasigande kwenye chuma. Baadaye ziliongezwa nyingine za kuua asidi inayotokana na salfa ya dizeli, na nyingine za kulinda kemushafti isilike. Vita Kuu ya Pili, pamoja na vifaru na malori yake maelfu kwa maelfu, iliifanya oili ya namna hii kuwa jambo la lazima kijeshi, na baada ya vita ikaingia katika maisha ya raia.

Sasa ikawa oili mbili zinaweza kuwa na namba ileile 40, moja ikiwa na dawa hiyo na nyingine haina. Namba peke yake haikutosha tena. Ndipo taasisi ya petroli ya Marekani, API, ilipoanza kutumia herufi. Katika utaratibu unaotumika mpaka leo, herufi S inaonyesha oili iliyopimwa kwa injini za petroli, na herufi C inaonyesha iliyopimwa kwa dizeli. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi chake. CC ni ya mwaka 1961. CD ilianza katikati ya miaka ya 1950 na ilikuwa kali kuliko CC. CF-4 ilikuja 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa 2016.

Ndugu msikilizaji, lile dumu la shemeji yangu lilikuwa bado karakana. Nililigeuza, nikafuta vumbi. Liliandikwa SAE 40, na chini yake, kwa herufi ndogo, API SF/CC. Maana yake ni kwamba ilikuwa oili ya magari ya petroli ya miaka ya 1980, na upande wa dizeli ilikuwa na sifa za mwaka 1961. Kitabu cha gari, ambacho tulikikuta ndani ya dashibodi, kiliagiza CD au bora zaidi. Namba ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika herufi, na katika watu wote tuliopita karibu na dumu lile hapakuwa na aliyezisoma.

Kwa nini hatusomi? Hapa historia yetu wenyewe inaingia, na napenda niieleze bila kumlaumu mtu.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na mapipa ya mafuta yakaanza kupita kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya, katika barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliipa jina la njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lenye urefu wa kilometa 1,710 mpaka Ndola, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Mafundi wengi wa Nyanda za Juu Kusini walijifunza dizeli katika zama hizo, kwenye malori makubwa, wakifundishana kwa mikono. Walichofundishana ni namba. Herufi zilibaki ofisini kwa wenye malori.

Kisha ukaja uhaba. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, mwaka uleule tuliokuwa tukimaliza vita vya Kagera. Fedha za kigeni ziliadimika. Walio na umri kama wangu wanakumbuka mwisho wa zama hizo, na wakubwa wetu wanazikumbuka zote. Mjomba wangu, aliyekuwa dereva, aliniambia kwamba siku hizo swali la oili gani halikuwepo. Swali lilikuwa: ipo? Pipa likifika, watu walijaza madumu, chupa na hata sufuria. Oili ya gari la petroli, ya trekta, ya lori, yote iliingia mahali pamoja. Oili iliyomwagwa kwenye gari moja ilichujwa kwa kitambaa na kutiwa kwenye jingine. Nani angesoma herufi kwenye kopo, wakati kopo lenyewe halipo?

Ndiyo maana nimesema imani yetu ilikuwa na sababu. Mtu wa mwaka 1982 aliyesema "oili ni oili" alikuwa anaieleza hali ya nchi. Mimi niliyesema maneno hayohayo katika zama ambazo duka lolote la vipuri lina rafu nzima ya makopo, sina pa kujificha.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Pikapu na magari madogo ya mizigo yakaanza kumiminika. Katika miaka ya 1990 mitumba ya Japani ikafuata. Magari hayo nayo yana historia. Isuzu walitoa Elf mwaka 1959, na mwaka uliofuata wakaitia injini ndogo ya dizeli. Mitsubishi wakatoa Canter mwaka 1963. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, mwenye mashine ya kukoboa au duka la jumla, aliweza kumiliki gari la dizeli linalobeba tani mbili au tatu. Bonde la Kyela lilibadilika. Mchele, kakao na maembe vilipata njia ya kupanda mlima bila kumsubiri mwenye lori kubwa. Lakini gari lilipobadilisha mikono kutoka Yokohama mpaka Kyela, kitabu chake, kama kilifika, kilikuwa cha Kijapani, na fundi alibaki na elimu ya malori ya njia ya jehanamu.

Sasa tuuangalie mlima wenyewe. Ziwa Nyasa liko kwenye usawa wa meta 475 hivi juu ya bahari. Barabara ya kutoka Kyela inapita Tukuyu na Kiwira, inafika Isongole ikiwa zaidi ya meta 2,000, halafu inateremka Uyole. Katika safari moja ya kilometa zaidi ya 100, gari linatoka kwenye joto la ziwani, linapanda kwa gia nzito likiwa limejaa, na linafika mahali ambapo alfajiri ya Juni mtu huvaa koti. Kwa injini, njia hii ni mtihani.

Oili namba 40 tupu inaweza kuuhimili mwendo wa joto. Tatizo lake kwa upande wa uzito ni asubuhi ya baridi. Lala Isongole, washa gari alfajiri, na oili hiyo itakuwa nzito kama uji uliopoa. Pampu itachelewa kuifikisha juu, na sekunde hizo za kwanza ndizo zinazokula chuma. Oili iliyoandikwa 15W-40 ina tabia mbili. Ikiwa ya moto, iko katika daraja lilelile la namba 40. Ikiwa ya baridi, hutiririka kwa wepesi wa 15W. Herufi W ni ya majira ya baridi huko Ulaya na Marekani, lakini na sisi watu wa Rungwe na Uporoto tunayo baridi yetu.

Basi kwa Kenta nyingi za kizamani zinazotembea kati ya Kyela na Mbeya, zisizo na chujio la masizi kwenye bomba la moshi, 15W-40 yenye CF-4, CH-4 au CI-4 ni chaguo la busara, isipokuwa kama kitabu cha gari kimesema vingine. Kitabu cha gari kina sauti kuliko fundi, kuliko muuza duka, na kuliko mtu wa redio.

Yapo mambo mawili ya kuongeza, hasa kwa wanaonunua magari mapya zaidi. Kwanza, Wajapani waliona kwamba vipimo vya Marekani haviwafai kikamilifu, hususan katika ulinzi wa kemushafti za injini zao, wakaweka vyao vinavyoitwa JASO. DH-1 ni kwa dizeli zisizo na chujio la masizi. DH-2 na DL-1, zilizoanza mwaka 2005, zina majivu machache na ni kwa magari yenye chujio hilo. Ukitia oili ya majivu mengi katika gari lenye chujio, chujio litaziba, na bei yake inaweza kukufanya ukae chini. Pili, kuna oili mpya nyepesi iliyoandikwa FA-4. Usiipeleke kwenye injini ya zamani kwa kudhani kwamba mpya ni bora daima.

Hapa niseme neno kuhusu weusi. Dereva wa shemeji yangu aliisifu oili ya dumu kwa sababu ilikaa siku nyingi bila kuwa nyeusi. Aliilalamikia ile ya kwanza, ya bei kubwa, kwamba "inachafuka upesi". Ndugu msikilizaji, katika injini ya dizeli oili inayogeuka nyeusi mapema inafanya kazi yake. Imeyabeba masizi. Inayobaki safi imeyaacha masizi mahali fulani, na mahali penyewe nilipaona kwa macho yangu kwenye ringi za pistoni. Weusi peke yake si sababu ya kumwaga oili wala ya kuilaumu. Hesabu kilometa, na badilisha chujio kila unapomwaga.

Salfa nayo ina hesabu yake. Dizeli yenye salfa nyingi huzaa asidi na huimaliza dawa ya oili mapema. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2015 salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni moja, kiwango ambacho ni cha chini mno kulinganisha na cha zamani. Hiyo ni nafuu kubwa kwa injini. Lakini nafuu hiyo ni ya dizeli ya kituoni. Anayenunua dizeli ya vidumu kando ya barabara hajui amenunua nini, na oili yake haiwezi kumlinda na asichokijua.

Ndivyo ilivyo pia kwa oili yenyewe. Oili chafu iliyochujwa na kutiwa kwenye kopo lenye lebo nzuri si hadithi. Nunua kwenye duka linalokupa risiti, angalia alama ya ubora ya TBS, hakikisha kizibo hakijafunguliwa, na ukimaliza litoboe kopo lako. Kopo zima lililotupwa ndilo mtaji wa mwongo.

Na ile iliyomwagwa inakwenda wapi? Wako wanaopaka mbao kuzuia mchwa, na wako wanaoimwaga mtaroni nyuma ya karakana. Mitaro ya Kyela haina safari ndefu. Huku mvua ni zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na kila tone linakwenda Mbaka, Kiwira, Lufilyo au Songwe, na mito yote minne inaingia ziwani. Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire, mbali huko kusini. Tunachokimwaga leo tutakaa nacho, sisi na wajukuu wetu, pamoja na samaki tunaowala. Karakana yenye pipa la kukusanyia oili chafu inastahili kupewa kazi kuliko isiyo nalo.

Namaliza na shemeji yangu. Wenye mchele walidai hasara yao, na walikuwa na haki. Aliiuza Kenta ikiwa imekufa, akawalipa. Nami nilichangia nilichoweza, ambacho hakikutosha. Sasa anaendesha gari la mtu mwingine, la aina ileile, katika njia ileile.

Juma lililopita alinipigia simu kutoka Kyela. Tajiri wake alikuwa amemtuma dukani, akamwambia alete namba 40, ile nzito. Shemeji aliniuliza amjibu nini. Nilitaka kusema mengi, maana kwa mwaka mzima nimesoma mengi. Lakini nilikumbuka kwamba safari ile nilimjibu haraka. Nikamwomba anisomee kwanza kilichoandikwa kwenye kopo, herufi kwa herufi. Akasoma: "S, A, E, arobaini." Nikamwambia endelea, soma na chini. Akasoma yaliyo chini. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Shemeji, ngoja nilirudishe hili."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nimejifunza kwamba kujibu bila kujua ndio ujinga wenyewe, na gharama yake hulipwa na mwingine.